Getini Tunasonya, Kwenye Pampu Kimya

Jumatano ya kwanza ya mwezi, kijiwe chetu cha stendi ya Bunda hakihitaji ajenda. EWURA wametoa bei kikomo za mafuta, kijana mmoja anasoma kwenye simu, anashusha kidole mpaka afike mkoa wa Mara, na kabla hajalitaja jina la Bunda msonyo umeshazunguka benchi nzima kama kikombe cha kahawa. Msonyo wenyewe una vyeo. Dereva wa Hiace ya Musoma anasonya kwa kifupi, meno yamebana, kwa sababu nauli imepangwa na LATRA na hawezi kuipandisha kwa hasira zake. Bodaboda anausokota mrefu mpaka mate yanamkauka. Mama muuza chai ndiye mwenye msonyo wa maana kuliko wote, maana yeye hana hata baiskeli, ila sukari, unga na mkaa vyote vinamfikia juu ya magurudumu.

Tunasonya jumla. Sijawahi kumsikia mtu pale akiuliza: katika bei hii, ya barabara ni shilingi ngapi?

Sasa juzi ikaja habari ya barabara ya kulipia. Kibaha, Chalinze hadi Morogoro, kilomita 205, serikali inataka ijengwe kwa ubia na sekta binafsi, ukipita unalipa getini. Ni mbali na sisi. Wengi wetu Morogoro tunaipita tukienda kuzika au kuoza, tena usiku, tumelala, kichwa kimegongana na kioo cha basi. Lakini weee! Kijiwe kililipuka utadhani geti linajengwa Balili. "Tulipie kutembea ndani ya nchi yetu?" "Lami imejengwa kwa kodi zetu, halafu tuinunue mara ya pili?" Fundi pancha, mtu mpole ambaye sauti yake huisikii mpaka tairi lipasuke, aliacha tyubu kwenye beseni la maji akasimama. Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa bodaboda mmoja, na huyo alikuwa ametoka kujaza mafuta dakika chache tu zilizopita. Mkono ulikuwa bado unanuka petroli.

Mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye kijiweni tunamwamkia shikamoo kabla ya kumpinga, alimwita kwa kidole. "Mura, njoo hapa. Wewe barabara umeshailipia leo."

"Mimi? Wapi?"

"Pale ulipojaza."

Kijana akasonya. Alidhani anataniwa.

Hataniwi. Tangu Mfuko wa Barabara ulipoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990, kila lita ya petroli na dizeli imebeba tozo ya barabara tumboni. Ndiyo inayolisha TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa, na tangu 2017 inailisha TARURA kwa zile za wilayani, za vumbi na mawe, ambazo ndizo bodaboda huyu anazolalia na kuamkia. Kisheria sehemu kubwa kabisa ya fedha za mfuko huo, asilimia 90, ni ya matengenezo: kuziba mashimo, kuzibua makalavati, kufyeka majani. Bodaboda anayekunywa lita tatu kwa siku analipia barabara mara tatu kwa siku, na hajawahi kusimamishwa na geti lolote.

Ndiyo raha ya tozo ya mafuta, na ndiyo ubaya wake. Haina sare, haina stakabadhi ya peke yake, haikusemeshi. Serikali iliipenda kwa sababu hiyo. Na sisi, tuseme ukweli, tuliipenda kwa sababu hiyohiyo.

Mnakumbuka ile leseni ya mwaka ya gari? Rodi laisensi. Wenye magari wanaikumbuka, maana ilikuwa ugonjwa. Gari limelala gereji miezi minane limenyofolewa injini, deni linahesabu. Umemuuzia mtu gari, hajabadili jina, deni linakusanyika kwa jina lako. Trafiki akikusimamisha, jicho la kwanza linakwenda kwenye stika ya kioo, halafu anatabasamu, na tabasamu la trafiki sote tunalijua bei yake. Basi Juni 2017 Waziri wa Fedha, Dkt. Philip Mpango, akasimama bungeni akasema leseni hiyo ya kila mwaka inafutwa, mtu atalipa mara moja tu wakati wa kusajili gari. Bunge likagonga meza. Na hapa kijiweni, walionunua magari kwa mkopo walinunua soda kwa fedha taslimu.

Sentensi iliyofuata haikupigiwa soda. Ushuru wa bidhaa kwenye petroli, dizeli na mafuta ya taa ukaongezwa shilingi 40 kwa lita.

Rudieni hapo kwenye mafuta ya taa. Bibi wa kijijini Nyamuswa, ambaye gari analijua kwa kulikwepa, mwenye kibatari na jiko la mchina, alianza mwaka ule kuchangia pengo lililoachwa na leseni ya Prado. Lita moja, shilingi 40. Hakuna aliyemwandikia barua, na hakuna aliyemsikia akisonya. Wakubwa walikuwa na sababu zao: mafuta ya taa yakiwa rahisi kuliko dizeli, wajanja wanachakachua. Sababu haikuwa ya uongo. Ila bibi hakuwa ameingia kwenye biashara ya kuchakachua.

Mwaka 2021 tulifanya mtihani uleule tena, na mtihani huu ndio unaonikera mpaka leo. Bajeti moja, waziri mmoja, Dkt. Mwigulu Nchemba, msimu mmoja. Mkono wa kushoto ulileta tozo ya miamala ya simu, iliyoanza Julai 15. Mkono wa kulia ukaongeza shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli, kwa ajili ya barabara za TARURA. Ile ya simu, nchi nzima ililia. Mtu alituma fedha kwa mama yake, ujumbe unarudi umeandika tozo ya serikali kiasi fulani, anauonyesha jirani, jirani anaonyesha na wake. Mawakala wakabaki wanapiga miayo. Kabla Septemba haijaisha serikali ikapunguza asilimia 30, na miaka miwili iliyofuata ikaendelea kuimenya mpaka ikabaki mifupa. Na ile mia ya mafuta? Ilipita. Hapa Bunda ilipita na basi la saa kumi na mbili asubuhi, hakuna aliyeipungia mkono.

Sisemi ile mia ilikuwa mbaya. Barabara za wilaya zilikuwa zinaomboleza, na TARURA ilikuwa mtoto wa kambo kwa sababu mgao wa awali wa mfuko ulikuwa asilimia 70 kwa TANROADS na 30 kwa upande wa halmashauri. Ninachosema ni kwamba tozo inayoonekana ilipigwa mawe, inayojificha ikapewa kiti. Serikali yoyote yenye akili timamu ikiona hivyo itajifunza nini? Itajifunza kujificha.

Halafu baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kujificha inatoka nje mchana kweupe na geti la Kibaha, inashangaa watu wanauliza, "Kwani tumeanza kulipia barabara lini?"

Hapo ndipo penye ugomvi wangu na wanaosema Mtanzania hataki kulipia barabara, eti anahitaji kuelimishwa, semina, vipeperushi, kofia na fulana. Nyoo! Hakuna semina itakayofuta ukimya wa miaka yote hiyo. Kunyamaza kwetu kwenye pampu hakukuwa ridhaa. Tulikuwa hatujaambiwa.

Na anayetaka kuona watu wa Bunda wakilipia njia bila kusonya, apande gari aende Kisorya. Barabara ile ya kutoka hapa kupita Bulamba, kipande cha mwisho cha kilomita 51 kimeshapata lami, inakufikisha ufukweni, na mbele yako ni maji. Ng'ambo ni Rugezi, Ukerewe. Kivuko ni cha TEMESA, unakata tiketi, mtu nauli yake, pikipiki yake, gari yake. Sijawahi kuona mtu amesimama Kisorya akipiga kelele kwamba ziwa ni la Watanzania wote. Anakata tiketi, anapanda, anafika. Akisonya, anasonya kwa sababu kivuko kimechelewa. Wanachogombania pale ni huduma. Kulipa hawagombanii kabisa.

Tena hilo nalo tulisemee taratibu, kwa heshima ya waliotutoka. Septemba 20, 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, watu zaidi ya 220 wakafa. Walikuwa wamelipa nauli. Baada ya siku ile, ukimwambia mtu wa visiwani alipie njia, atakulipa, lakini atakuuliza maswali mawili matatu kwanza: kimebeba wangapi, kinabeba wangapi, nani anahesabu. Hayo ndiyo maswali ya mlipaji. Mtu ambaye tozo yake imefichwa tumboni mwa lita hayaulizi, kwa sababu hajui kwamba ni mlipaji.

Upande wa pili wa Mwanza nako kuna somo, na dereva wa basi la Bukoba ndiye aliyelileta mezani. Zamani ukifika Kigongo unapanga foleni ya kivuko, unalipa, unakula samaki wa kukaanga, unapiga usingizi, unaamka bado mko palepale. Tangu Juni 19, 2025 kuna Daraja la J.P. Magufuli, kilomita tatu, zaidi ya shilingi bilioni 700. Dakika chache uko Busisi, na geti hakuna.

"Basi," akadakia fundi pancha, "kama la Busisi bure, kwa nini la Kigamboni walipe?"

Hapo kijiwe kikacheka, maana sisi watu wa Mara tuna kidonda chetu hapo. Hesabu mwenyewe. Daraja la Mkapa kule Rufiji, bure. Daraja la Kikwete Malagarasi, bure. La Tanzanite pale Salender, magari ya wakubwa yanapita bure. La Magufuli, bure. Daraja moja tu lina geti na keshia, nalo limepewa jina la mzee wetu wa Butiama. Daraja la Nyerere, Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 19, 2016. Mzee aliyehubiri ujamaa maisha yake yote, daraja lake ndilo la kulipia! Mama muuza chai alisema hata huko aliko atakuwa amesonya.

Ila kuna sababu, na sababu hiyo ndiyo inayowapa watu wa Kigamboni subira waliyonayo. Sehemu kubwa ya fedha za ujenzi ilitoka NSSF. Hizo ni akiba za wafanyakazi: mlinzi, mpishi wa hoteli, dereva wa kampuni. Lazima zirudi na chochote, la sivyo mzee wa watu atastaafu akute daraja zuri na mfuko mtupu. Ukimweleza mtu hivyo, anaelewa. Haimfurahishi, lakini anaelewa. Wakazi wa Kigamboni wamelia miaka, mbunge wao wa wakati huo, marehemu Dkt. Faustine Ndugulile, akawasemea, na mwaka 2022 viwango vikashushwa, pikipiki ikatoka shilingi 600 ikawa 300. Sasa tazameni tofauti: geti la Kigamboni lina bei iliyoandikwa, lina mtu wa kumlalamikia, na malalamiko yalizaa kitu. Tena mkazi wa kule ana uchaguzi: alipe darajani, apande pantoni, au azunguke Kongowe achome mafuta yake. Lini mlisikia bei ya tozo ya mafuta imeshuka kwa sababu bodaboda wa Bunda wamelalamika? Thubutu.

Hapo mwalimu akaomba kipande cha chaki. Fundi akampa ile anayochorea matundu ya tairi, na mzee akaanza hesabu kwenye ubao wa benchi.

Hesabu yake ni hii. Wamarekani mwishoni mwa miaka ya 1950 walijenga barabara ya majaribio huko Illinois, wakapitisha malori usiku na mchana waone lami inakufaje. Walichokuta ni kwamba uharibifu hauongezeki sawasawa na uzito. Unakwenda kwa kipeo cha nne, takriban. Ekseli ikibeba mzigo mara mbili, lami inaumia mara kumi na sita. Ikibeba mara kumi, inaumia mara elfu kumi. Bodaboda na kigari chako cha Vitz kwa lami ya barabara ya Sirari ni inzi tu. Anayeila lami ile ni semi trela, na ndiyo maana kuna mizani kule Rubana, na ndiyo maana nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana mwisho wa gari lenye ekseli saba ni tani 56.

"Sasa," mwalimu akasema, "lori hilo linakunywa mafuta mara tano, sita, ya gari dogo. Kwa hiyo linalipa tozo mara tano, sita. Lakini linaharibu mara elfu na elfu. Nani anamlipia nani hapo?"

Dereva wa semi aliyekuwa anakunywa chai kimya kimya akaanza kutafuta funguo zake.

Na bado. Teremka Guta, mwaloni. Mvuvi anayekwenda na injini ya petroli usiku kufuata dagaa, kila lita anayoichoma katikati ya ziwa Victoria ina tozo ya barabara ndani yake. Barabara gani? Anapita juu ya maji! Mwenye mashine ya kusaga ya dizeli, kule umeme haujafika au umekatika, naye analipia lami kwa kusaga mahindi. Upande mwingine, kampuni kubwa za madini kwa miaka mingi zilikuwa na mikataba iliyozisamehe tozo hiyohiyo ya mafuta. Mimi si mtaalamu wa madini, ila mvuvi wa Guta hakupewa nafasi ya kuandika mkataba.

Kwa hiyo mtu akija na wazo kwamba kila gari lilipe kwa uzito wake na umbali wake, mimi kijiweni simpigi mawe. Tena kwa wageni tumelifanya siku zote. Malori ya Rwanda yanayopita kwetu kwenda bandarini yalikuwa yakitozwa dola 500, yakapunguziwa mwaka 2014 hadi dola 152, baada ya wakubwa wa nchi mbili kuvutana weee. Kutoza kwa safari tunakujua. Tunachoogopa ni kujitoza wenyewe uso kwa uso.

Wenzetu waliojaribu wamepata matokeo ya kushangaza. Edinburgh, Uskoti, mwaka 2005, jiji lilitaka kutoza magari yanayoingia mjini ili kupunguza foleni. Wakawauliza wananchi kwanza, kabla hawajaonja chochote: mnakubali? Karibu robo tatu wakasema hapana, mchezo ukaisha hapo. Stockholm, Uswidi, wakageuza kibao. Mwaka 2006, kuanzia Januari mpaka Julai, wakatoza kwanza kwa majaribio. Watu walisonya, kwa namna wanavyosonya huko kwenye baridi. Magari yaliyovuka mpaka wa katikati ya jiji yakapungua kama kwa asilimia 20, mtu akaona kwa macho yake kwamba anafika kazini mapema. Septemba wakapiga kura, na wakazi wa jiji, zaidi kidogo ya nusu, wakasema iendelee. Walewale ambao kabla ya hapo wengi wao walikuwa hawaitaki.

Dereva wa Hiace aliposikia akaruka: "Umeona! Watoze tu, watu watazoea!"

Taratibu, kaka. Kuna kipande umekiruka. Vitongoji vya pembeni mwa Stockholm, ambako watu wanaingia jijini na magari yao kila siku, vingi vilipopiga kura zao vilikataa. Walikubali walioona faida na treni zao zipo, mabasi yao yaliongezwa kabla ya tozo kuanza. Hapa Bunda ukimtoza mtu asiingie mjini na gari lake, atapanda nini? Hiace yako iliyobeba ishirini na mbili na kuku?

Hata alicheka mwenyewe.

Nairobi nao wana yao. Barabara ya juu kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, imejengwa na Wachina na inatozwa na kampuni yao, magari yalianza kupita Mei 2022. Mwenye haraka na shilingi zake anapanda juu, asiye nazo anabaki chini kwenye foleni anatazama nguzo. Kampala kwenda Entebbe nako Januari 2022 tozo ikaanza, gari dogo shilingi 5,000 za Uganda. Mtu wetu mmoja aliyerudi Nairobi alituambia kule juu hakuna matatu zinazogombea abiria, hakuna mkokoteni, ni upepo mtupu. Kijiwe kikanyamaza kidogo. Msonyo haukutoka. Unajua kwa nini? Kwa sababu ile ya chini ipo. Mtu akiwa na njia ya bure, hata kama ina mashimo, tozo inakuwa duka: unaingia au unapita. Akifungiwa zote, inakuwa kizuizi.

Serikali imesema hivyohivyo kuhusu Kibaha hadi Morogoro, kwamba barabara ya sasa itabaki kwa asiyetaka kulipa. Sawa. Swali la bodaboda wetu, ambalo nililiona la maana kuliko kelele zake zote za mwanzo, ni hili: hiyo ya bure itaendelea kuzibwa mashimo? Au itaachwa ioze ili tupande ya kulipia kwa hiari yetu? Aje mtu ajibu hilo kwa maandishi, na kilomita na mwaka, ndipo tuzungumze kofia na fulana.

Maana sisi tunajua barabara kuachwa. Makutano hadi Sanzate, kilomita 50, hapo Butiama, nyumbani kwa Baba wa Taifa, ilijengwa miaka mpaka watoto waliozaliwa mkandarasi anaingia wakaanza kwenda shule kwa kupita kwenye vumbi lake. Mwanafunzi wa kule ukimwambia barabara inahitaji fedha, hakubishii. Atakuuliza zilizotoka zimekwenda wapi.

Kuna jambo moja litakalomaliza maficho haya, nalo linakuja lenyewe bila bunge. Dar es Salaam bajaji na magari mengi yameshahamia gesi. Pikipiki za umeme zimeanza kuonekana mijini. Siku bodaboda wa Bunda atakapochaji kwa nguvu za jua kutoka bati la nyumba yake Nyasura, tozo ya barabara itaingilia wapi? Haina lita ya kujibanza. Hapo serikali italazimika kutoka tumboni mwa tangi, isimame barabarani imwambie mtu usoni: ndugu yangu, umetembea kilomita hizi, unadaiwa hiki. Na itamkuta mtu ambaye maisha yake yote ameaminishwa kwamba barabara ni zawadi ya kampeni.

Mwalimu ana pendekezo, na kwa kweli kijiwe kizima kililikubali isipokuwa mmoja. Ukinunua umeme wa LUKU, ujumbe unakuja umechambua: ya umeme, VAT, EWURA, REA, na siku hizi kodi ya jengo. Kila shilingi na jina la baba yake. Pampu za mafuta zina mashine za risiti. Basi risiti nayo iseme: lita tatu, ya mafuta yenyewe kiasi hiki, ya barabara kiasi hiki. Na nyuma yake, au kwenye bango pale njia panda ya Nyamuswa, iandikwe mwaka huu wilaya ya Bunda imepata ngapi za mfuko huo na zimeziba wapi. Hakuna haja ya semina. Mtu ajaze, asome, aendeshe, akifika shimoni ajue ni la kwake.

Aliyekataa ni dereva wa Hiace. "Mzee, mkiniandikia hiyo kila siku, mimi nitakuwa nazijumlisha. Mwisho wa mwezi nitakwenda ofisini kwao na risiti zangu mkononi, nianze kuuliza shimo moja moja."

"Kunywa chai yako," mama akamwambia, akimmiminia. "Ndiyo maana hawaandiki."